Na Maji, Si Kahawa

Tripoli, Lebanon
6 Mei 2022

Kwako Lamis, roho ya baba,

Nakusalimu kwanza, kisha nakuuliza afya yako, na baridi ya huko Montreal kama imekuruhusu kutoka bila koti. Mimi huku sijambo. Presha iko pale pale, magoti yananung'unika kwenye ngazi, na lifti bado haijafufuka. Mama Tanyus wa juu anakusalimu. Shukri kinyozi wa chini naye anasema ukirudi atakunyoa bure, mzaha wake ule ule tangu uko darasa la kwanza.

Barua hii anakuletea mpwa wa Mama Tanyus, pamoja na chupa ya maji ya maua ya machungwa ya mwaka huu. Ukishangaa kwa nini nashika kalamu wakati simu ninayo, ni kwa sababu haya sitaki kuyasema ndani ya nyumba hii.

Jumanne mchana nilikuwa jikoni nakula wali wa dengu. Kamera yako, ile uliyoiweka juu ya friji ili unichunge, ikageuza shingo ikanitazama. Nikajua ni wewe. Nikakuinulia kijiko, nikasema, "Karibu mama, dengu hizo." Ikapiga mluzi. Nikasema, "Lamis, acha utoto, mtu mzima wewe." Basi ikacheka. Kicheko kile kilikuwa cha mwanamume, na si mtu ninayemjua. Hata kijiko sijakiweka, nikasikia lile kufuli la umeme ulilolileta nalo linalia tik, na mlango ukaachia wenyewe. Kwenye ngazi hapakuwa na mtu. Nilisimama na nyundo mkononi mpaka magoti yakakataa. Niliogopa, mwanangu, sikufichi.

Nikasoma Ayatul Kursi, nikateremka kwa Shukri. Akasikiliza huku anamnyoa mtu, akasema, "Hilo si jini, Baba Lamis. Majini wana kazi zao." Nimeifunika kamera kwa sufuria.

Kitu kimoja tu hakikubadilika. Saa tisa ilipofika, spika ya jikoni iliita kama kila siku, kwa sauti ya mama yako, Mungu amrehemu, ile aliyoirekodi kabla hajalazwa: "Baba Lamis, dawa. Na maji, si kahawa." Nikamjibu kama kila siku: "Nimemeza, mwanamke, niache na kahawa yangu." Kisha ndiyo nikameza. Moyo ukatulia.

Usihangaike. Nimekwambia ili ujue tu.

Baba yako


Montreal
24 Mei 2022

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo nyingi, na mikono yote miwili naibusu. Mimi mzima, ila tangu nisome barua yako sina raha. Chupa ya maua nimeifungua mezani na nyumba nzima ikawa Tripoli, nikalia kidogo, kisha nikaanza kazi. Unasema nisihangaike. Mtu asiyejulikana anamtazama baba yangu akila dengu, nami nisihangaike?

Umefanya vizuri kuandika. Tuendelee hivi hivi: mambo ya maneno ya siri tusiyaseme kwa simu.

Nimeuliza wanaojua, kazini kwetu wapo. Kosa halikuanza kwenye kamera. Neno la siri la waifai yetu limebandikwa mlangoni mwa jengo, kando ya lifti, kwa mwandiko wa mama, chini ya jina alilolipa mwenyewe: "Mtandao wa Samiha, tafadhalini." Nakumbuka alivyolibandika, akasema chakula kinanukia mpaka kwa jirani, basi na intaneti nayo ifike. Kila aliyepita pale amelisoma, na wapita njia pale wako wengi. Halafu wewe, ulipoulizwa neno la kamera na neno la kufuli, ukaweka lile lile. Mganga hajigangi, baba. Ni wewe, fundi wa kufuli, uliyemfukuza dukani yule tajiri aliyetaka ufunguo mmoja wa milango yake yote. Ulimwambia akiuangusha ameiangusha nyumba nzima. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti chako cha kazi, nilisikia.

Sasa fanya hivi, pole pole. Anza na ruta, kile kisanduku chenye taa. Ibadilishe jina, iwekee neno jipya refu, maneno manne yasiyo na uhusiano, ambayo hata mimi huniambii. Kuna neno la pili la kuingilia kwenye mipangilio yenyewe. Nalo lilikuja na kisanduku toka kiwandani na halijaguswa, libadilishe. Kubali kila sasisho litakaloombwa. Kisha kamera na kufuli: kila kimoja kina kitundu, ingiza pini, bonyeza mpaka taa iwake nyekundu, kitarudi kama kilivyotoka dukani, ndipo ukipe neno lake chenyewe. Ruta pia inaweza kutoa mtandao wa pili, wa wageni, usiogusa vyombo vya ndani. Majirani wape huo.

Mwisho kabisa ni spika ya mama. Hiyo nayo lazima irudishwe kiwandani. Najua ninachokuomba.

Kama nyumba haifungiki, sitakuacha humo. Nitakuja nikuchukue, uje ukae na mimi na theluji. Sitanii.

Binti yako


Tripoli
11 Juni 2022

Kwa Lamis wangu, mama mkali,

Salamu zikufikie ukiwa na afya na hasira zimepungua. Mimi mzima, na kwa kuiogopa theluji yako nimekuwa mzima zaidi.

Nimekaa kuandika nikakumbuka Kuwait. Miaka ile niliyofanya kazi kule, mama yako aliniandikia kila Alhamisi. Barua ilichelewa mpaka habari ikawa imeoza: aliniambia ana homa, nikashtuka, kumbe siku naisoma yuko sokoni anagombana na muuza bamia. Tulioana kwa barua zaidi kuliko kwa harusi. Sasa nakuandikia wewe kwa kalamu ile ile ya wino, na mkono wangu unadhani bado una nywele nyeusi.

Ruta nimeibadilisha, maneno yote mawili. Hayo manne yako kichwani mwangu, na nimefurahi kugundua kichwa bado kina nafasi. Kamera imechomwa pini kitunduni na kupewa neno lake, ambalo nimekuandikia nyuma ya karatasi hii, na nimeligeuza jicho litazame mlango, si sahani yangu. Kufuli la umeme nimeling'oa. Nimeweka la shaba nililolitengeneza mwenyewe mwaka uliozaliwa. Huyo wa mluzi aje alichekee hilo.

Karatasi ya mama yako nimeibandua kando ya lifti. Nilikwenda mapema ili mtu asinione, kama mwizi, na gundi yake ilikataa, nikailowesha kwa maji ya moto. Unakumbuka ufunguo wetu ulivyokaa nje ya mlango, kwenye tundu lake, kutwa nzima? Mimi fundi wa kufuli, mtu anayekula kwa kuuza kufuli, na mke wangu anaacha ufunguo nje ili Mama Tanyus asijisumbue kubisha. Wateja walinicheka. Nilipomlalamikia alisema, "Wewe uza kufuli, mimi nitaishi na watu." Nilikuwa nikinung'unika, ila nikirudi jioni nikauona ufunguo ule unaning'inia, nilijua humo ndani mna chakula na mna kelele. Ningetoa duka zima niuone tena.

Majirani wamenuna. Shukri aliniuliza mbele ya wateja, "Baba Lamis, umetufungia. Tumekukosea nini?" Nikamwambia ni usalama. Akasema, "Aha, usalama," akaendelea kunoa wembe. Mama Tanyus alikuwa akinishushia sahani ya chochote alichopika, nami narudisha sahani na chochote nilichonacho, maana sahani ya jirani hairudi tupu. Wiki hii sahani haijashuka. Huo mtandao wa wageni sijauweka. Nimechoka, na wageni wenyewe ni nani sasa.

Spika sitaigusa, Lamis. Umeomba mengine yote nimefanya. Mama yako hakuwahi kuita kwa sauti ndogo, hata ndani ya spika anaita kama anayeita mtu aliye barabarani, na mimi kwa siku nzima nangoja saa tisa nigombane naye. Mwizi akitaka aje, atatukuta wawili.

Baba yako


Montreal
30 Juni 2022

Baba yangu,

Natumaini hii itakukuta salama. Mimi sijambo. Nimeisoma barua yako kwenye basi na mama mmoja mwenyeji wa huku akanipa kitambaa bila kuuliza.

Nikuambie kitu. Saa tisa ya huko ni saa mbili asubuhi ya huku, wakati niko kwenye basi la kwenda kazini. Kila asubuhi huwa nafungua kamera dakika hiyo. Nilikwambia ni kwa ajili ya kuangalia kama umemeza dawa. Kweli yake, nilitaka kumsikia mama. Nilikuwa nikikusikia ukimjibu, nashuka kituoni nimepata wazazi wote wawili. Kwa hiyo usidhani nakuomba ukate kitu chako. Nakata na changu.

Lakini kikulacho ki nguoni mwako. Wale wa kazini wameniangalizia kumbukumbu za ile Jumanne: aliyefungua mlango alipitia kwenye spika. Iko chini ya akaunti ya mama, neno lake ni lile la kando ya lifti, na yule mtu bado yumo. Neno jipya la ruta halimzuii, maana akaunti haiko ndani ya ruta. Hata sasa, ukisema jambo jikoni, anaweza kulisikia. Anamsikia mama kabla yako. Wazo hilo silivumilii.

Nimejaribu kuiokoa akaunti. Ili neno libadilishwe, wenye spika wanataka kutuma nambari kwenye simu ya mama, na laini ya mama ilikatwa baada ya arubaini, tuliikata wenyewe. Nimewaandikia, wananijibu kama ukuta. Na kiwanda chenyewe kimeacha kuzitunza spika za aina hiyo. Hakuna sasisho litakalokuja.

Basi kwanza rekodi sauti yake kwenye simu yako, kisha chukua pini. Nikija nitakutengenezea kengele ya saa tisa yenye sauti hiyo hiyo, ndani ya chombo kisicho na mtandao.

Likibaki lile dude, baba, nakata tiketi mbili za kurudi. Nakuomba.

Binti yako


Tripoli
21 Julai 2022

Lamis,

Salamu. Mimi mzima.

Nimefanya. Nilitumia pini ya mtandio wake, ile yenye lulu ya uongo. Taa ikawa nyekundu, kisha spika ikasema kwa sauti ya mwanamke mwingine, "Karibu, tuanze." Nikaichomoa, nikaiweka kabatini pamoja na mashine yake ya cherehani.

Sauti ninayo kwenye simu. Nimeisikiliza mara moja. Ni yeye, na feni inasikika, na mlango wa friji. Lakini kwenye simu mimi ndiye ninayemwita. Yeye haniiti.

Hiyo kengele usinitengenezee. Mama yako hakuwa kengele.

Nyumba yako ni salama sasa.

Baba yako


Montreal
18 Septemba 2022

Baba mpenzi,

Nakusalimu na nakuuliza hali kwa mara ya tatu, maana barua mbili za mwanzo hukuzijibu. Mpwa wa Mama Tanyus amerudi mikono mitupu. Anasema ulimwambia huna la kuandika.

Kwenye simu unaniambia "alhamdulillahi" halafu unanisifia hali ya hewa. Hujawahi kusifia hali ya hewa maisha yako yote. Kamera inanionyesha mlango wa kufuli la shaba umefungwa, kutwa umefungwa. Sijaona mtu akiingia tangu Agosti. Nilitaka mlango ufungike, na sasa naukodolea macho naomba mtu aufungue.

Nakuuliza wazi: unameza dawa? Nilikulinda na mtu wa mluzi, nimeanza kuogopa kwamba kwa kukulinda nimekunyang'anya kilichokuwa kinakulinda. Nisamehe ukiweza, ila nijibu. Usiponijibu nakuja, na safari hii si kwa vitisho.

Binti yako


Tripoli
14 Oktoba 2022

Kwa Lamis, roho ya baba na mama,

Natanguliza salamu, na shukrani kwa kuwa mwanangu mkaidi. Mimi ni mzima wa afya kweli sasa, na daktari atakuthibitishia. Ila naona kukuficha ni dhambi, basi kaa chini usome.

Dawa nilikuwa simezi. Si kwa kutaka kufa, usilie. Saa tisa ilikuwa inafika na kupita kimya, nami nakumbuka jioni, nasema kesho. Nilishakunywa kahawa na nilishakaa, na hakukuwa na mtu wa kubishana naye. Nani anameza dawa bila ugomvi? Mwisho wa Septemba, siku ile ile nilipoipata barua yako, nilikuwa napanda ngazi na mkate, miguu ikaniacha baina ya ghorofa ya pili na ya tatu. Nikakaa chini, dunia inazunguka, mkate unateremka ngazi wenyewe mpaka kwa Shukri. Mkate ulimjulisha haraka kuliko simu.

Shukri akaja mbio, taulo la mteja begani. Mama Tanyus akateremka kwa viatu viwili tofauti. Wakanibeba mpaka mlangoni, wakakuta kufuli la shaba, na ufunguo uko katika mfuko niliokuwa nimeulalia. Mama Tanyus akasema, "Kufuli zuri, Baba Lamis. Tungekungoja hapa mpaka kiyama." Hata katika hali ile nilicheka.

Presha ilipimwa, daktari akaja akafoka, dawa nikanyweshwa. Watu walipotulia Mama Tanyus aliketi jikoni, akatazama pale spika ilipokuwa, akaniuliza, "Nani amemnyamazisha Samiha?"

Sikuelewa. Akasema, "Tundu la hewa la jengo hili, jikoni zetu zote zinatazama humo. Miaka yote hii, akikuita saa tisa mimi nazima jiko, najua wali umeiva. Tangu Julai nauunguza wali. Nilidhani umetufungia sisi, nikasema sawa, ana hofu zake. Kisha nikaona umemfungia na yeye. Nikasema huyu mtu basi hataki mtu." Shukri akadakia kwamba yeye saa hiyo ndiyo aliyokuwa akifungia duka kwenda kula chumba cha nyuma, na kwamba wateja wake wanamjua mke wangu kwa sauti hata wale ambao hawajamwona. Lamis, nililia mbele yao wote wawili. Nikawaeleza yote, mluzi, kicheko, akaunti, pini. Wakanisikiliza. Mama Tanyus akafuta meza iliyokuwa safi.

Siku ya pili nilikuwa nimekaa jikoni na kahawa yangu, dirisha la tundu la hewa liko wazi kwa ajili ya joto. Ikafika saa tisa. Kutoka juu, sauti kama ya mtu anayeita mtu aliye barabarani:

"Baba Lamis, dawa!"

Na kutoka chini, sauti ya Shukri, mdomo umejaa chakula:

"Na maji, si kahawa!"

Kikombe kilikuwa mkononi. Mama Tanyus akaita tena, "Umesikia au nishuke?" Basi nikafungua kinywa nikasema lile neno langu, ambalo tangu Julai sikuwa na wa kumwambia. Juu kukawa na kicheko, jiko likazimwa, nikasikia mfuniko. Nikameza kwa maji. Tangu siku ile hawajaruka hata siku moja. Shukri akiwa na mteja, mteja ndiye anaita.

Mtandao wa wageni nimeuweka juzi, kama ulivyonifundisha, umetengana na wa ndani kama sebule ya wageni ilivyotengana na chumba cha kulala. Mama yako mwenyewe, na ukarimu wake wote, mgeni hakumvusha sebule. Ningelifikiria hilo mapema. Nimeuita "Mtandao wa Samiha, tafadhalini," jina lake lile lile. Neno lake la siri halibandikwi popote: nalipeleka kwa mguu, mlango kwa mlango, nalinong'ona. Kwa Mama Tanyus nilikwenda na sahani yake, nimeijaza tini. Kamera na vitu vyangu viko upande wa ndani na maneno yake manne, na nimesasisha kila kinachosasishwa. Yule wa mluzi hana pa kuingilia. Ufunguo wa shaba mmoja nimempa Mama Tanyus, auning'inize kwake.

Kwa hiyo usije kunichukua. Njoo unitembelee wakati wa maua.

Na ile kamera iache itazame mlango. Ukiwa kwenye basi, saa mbili yako, nipigie. Nitaiweka simu dirishani, wala sitasema kitu mpaka waite. Sikiliza mpaka mwisho, ndipo ushuke kituoni.

Nimemeza, mwanamke. Niacheni na kahawa yangu.

Baba yako